Ukurasa Usio na Mwisho: Majibu kwa Wasomaji

Swali: Ndugu Mshauri, mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Jioni, nikishafunga kibanda, hushika simu ili nisome ujumbe wa dada yangu anayefanya kazi Muscat. Nikija kushtuka, saa nzima imepita, wali umeungua chini, watoto wamelala bila kuniaga, na ujumbe wenyewe sijaujibu. Mume wangu ananiambia kwamba sina nidhamu. Je, ni kweli kwamba tatizo ni mimi? (Mama wa watoto wawili, Tanga)

Jibu: Pole sana, dada yangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na lililonigusa kuliko yote ni kwamba ujumbe wenyewe hujaujibu. Mtu asiye na nidhamu hafungui kibanda kila asubuhi, wala wateja hawamwachii vitambaa vyao. Ulishika simu ukiwa na shughuli moja yenye mwisho, lakini ili uufikie ujumbe ulilazimika kupita mahali pasipo na mwisho, na mahali hapo pamejengwa na watu waliokaa mezani wakaamua pawe hivyo.

Tazama jarida hili ulilonalo mkononi. Ukifika chini ya ukurasa, jicho husimama, mkono hufunua, na katika kipindi hicho kifupi hukumbuka kwamba kuna sufuria jikoni. Kurasa za intaneti nazo zilikuwa hivyo zamani: ulifika mwisho, ukabonyeza kitufe, ndipo ukaletewa ukurasa wa pili. Mwaka 2006 mbunifu wa Marekani aitwaye Aza Raskin alibuni njia ya kuyafanya mambo mapya yajilete yenyewe kabla msomaji hajafika chini. Alikusudia kumpunguzia mtu kazi ya kubonyeza, na baadaye, alipoona jinsi mitandao ya kijamii ilivyoutumia ubunifu wake, alijuta hadharani. Kitufe kilipoondolewa, kiliondoka pamoja na ule mwanya ambao mtu hujiuliza kama ametosheka.

Jaribu pia kukitazama kidole chako kinavyofanya kazi. Gumba linagusa kioo, linavuta chini, linaachia. Kiduara kidogo kinazunguka, na kwa muda mfupi mno hujui utaletewa nini: huenda ni picha ya harusi ya binamu yako, huenda ni tangazo la sabuni, huenda hakuna jipya kabisa. Kutojua huko ndiko kunakokurudisha. Mwaka 1957 wanasaikolojia wa Marekani C. B. Ferster na B. F. Skinner walichapisha matokeo ya majaribio ya miaka mingi, mengi yakiwa ya njiwa waliofundishwa kudonoa kitufe ili wapate chakula. Njiwa aliyezoea kupata punje kila anapodonoa aliacha upesi punje zilipokoma, ilhali aliyezoea kupata punje kwa nasibu, mara hii ndiyo na mara ile hapana, aliendelea kudonoa kwa muda mrefu sana. Mashine za kamari hufuata kanuni hiyohiyo, na ukurasa wa mtandao wa kijamii unaifuata pia, kwa kuwa picha ya kukufurahisha haiji kila mara wala haikosekani kabisa.

Sababu ya yote haya ni biashara. Hulipi kitu kufungua mtandao zaidi ya bando lako, na kampuni hupata fedha kwa kuuza nafasi za matangazo mbele ya macho yako, kwa hiyo kila dakika unayoongeza ina bei. Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa kampuni ya Facebook, alikiri mwaka 2017 kwamba swali lililowaongoza wajenzi wa programu hizo lilikuwa namna ya kuchukua muda na usikivu wa mtu kwa kiasi kikubwa iwezekanavyo. Ningependa mumeo asome sentensi hiyo. Nidhamu ya mtu mmoja aliyechoka baada ya kutwa nzima kwenye cherehani inashindanishwa na kazi ya maelfu ya wahandisi wenye kila takwimu ya kidole chake, na si haki kumlaumu yeye peke yake anaposhindwa.

La kufanya lipo. Fungua mipangilio ya simu, uzime arifa zote isipokuwa simu zinazopigwa na ujumbe kutoka kwa watu unaowajua. Mwombe dada yako akuandikie kupitia programu ambayo ukiifungua inakupeleka moja kwa moja kwenye mazungumzo, bila kukupitisha kwenye video, au mpange siku za kupigiana. Ukishamjibu, chaji simu chumba kingine mpaka watoto walale.

Swali: Shikamoo. Rafiki yangu akiona tiki za bluu za WhatsApp, kwamba nimeusoma ujumbe wake, na mimi sijamjibu, hununa siku nzima. Sasa ninajibu hata nikiwa darasani. Nifanyeje? (Mwanafunzi, Dodoma)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Tiki za bluu ziliingia WhatsApp mwezi Novemba 2014. Kabla ya hapo kuchelewa kujibu kulikuwa na maelezo mengi ya heri, kwa mfano kwamba mtu hajaiona simu, na alama hiyo iliyafuta yote kwa siku moja. Watumiaji walilalamika, na muda mfupi baadaye ikaongezwa njia ya kuizima. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha, uzime taarifa za kusomwa. Nawe hutaziona za wenzako, na katika makundi zitaendelea kuonekana. Mweleze rafiki yako kabla ya kuzima, ili asidhani unamficha jambo.

Swali: Ndugu Mshauri, kwenye Facebook na katika kundi letu la ukoo, habari ya kutukanana husambaa kama moto wa nyikani, lakini mtoto akifaulu mtihani wanaompongeza ni watatu. Je, tumeharibika mioyo, au kuna anayepanga tuone nini? (Mwalimu, Nairobi)

Jibu: Mwalimu, kwa upande wa Facebook, yupo anayepanga. Kila unapofungua ukurasa, programu huwa imekwisha kuchagua, kati ya mambo mengi yaliyoandikwa na unaowafuata, yapi yatangulie, na huchagua kwa kuyapa alama. Nyaraka zilizotolewa mwaka 2021 na Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo, zilionyesha kwamba kuanzia 2017 kikaragosi (emoji) cha hasira, kile kiuso ambacho mtu hukibonyeza chini ya andiko, kilihesabiwa mara tano ya laiki ya kawaida. Andiko lililowaudhi watu likapanda juu, likaonwa na wengi, likawaudhi wengi zaidi. Kampuni iliupunguza uzito huo hatua kwa hatua, na mwaka 2020 hasira ikapewa sifuri. Fikiria kwamba kwa miaka mitatu hivi hasira ya watu ilipandishwa daraja kwa tarakimu moja ambayo hakuna mtumiaji aliyeijua.

Si mara ya kwanza kwa mkono huo kugusa mioyo ya watu. Januari 2012 watafiti walibadilisha, bila kuwaarifu, mambo yaliyoonwa na watumiaji 689,003 wa Facebook kwa muda wa wiki moja. Waliopunguziwa maandishi ya furaha wakaanza nao kuandika kwa huzuni kidogo zaidi. Tofauti ilikuwa ndogo mno, nami sitaki kuikuza, lakini ilitosha kuonyesha kwamba mpangilio unaweza kuelekeza hisia. Huko kwenu Nairobi jambo hili limefika mahakamani: Desemba 2022 Mahakama Kuu ilipokea kesi inayodai kwamba algorithimu ya Facebook, yaani kanuni za kompyuta zinazoyapa mambo alama na kuyapanga, ilieneza maandishi ya chuki wakati wa vita vya Tigray nchini Ethiopia, na Aprili 2025 mahakama ikaamua kwamba ina mamlaka ya kuisikiliza.

Kundi la ukoo ni jambo tofauti, kwa kuwa WhatsApp haipangi ujumbe kwa alama. Hapo kinachosukuma ni wepesi wa kufowadi. Hata wepesi huo ulijengwa, na ulipopunguzwa matokeo yalionekana. Aprili 2020, wakati uvumi wa korona umezagaa, WhatsApp iliweka kikwazo: ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi ungeweza kufowadiwa kwa mazungumzo mamoja tu kwa wakati mmoja. Kampuni ilitangaza kwamba usambazaji wa ujumbe wa aina hiyo ulishuka kwa asilimia 70. Watu walikuwa walewale, na mioyo yao ileile.

Zungumza na msimamizi wa kundi lenu. Anaweza kuweka kwamba wasimamizi pekee ndio waandike kwa siku chache ugomvi unapopamba moto. Naye mtoto akifaulu, mpigieni simu.