Nyota ya Kaskazini huipati Mombasa
Ukipiga picha za nyota Mombasa kwa mtambo wa kufuata nyota, yaani kifaa kinachozungusha kamera polepole pamoja na anga, usijisumbue kuitafuta Nyota ya Kaskazini ili kuulenga mtambo. Mombasa tuko digrii 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho mwaka mzima. Mhimili wa mtambo uelekeze kusini, uinue digrii 4 tu, yaani karibu ulale kabisa, na swichi ya mtambo iwe kwenye S, yaani kusini. Mie hutumia dira na kipima pembe cha simu, basi. Kwa lenzi ya milimita 24 napiga picha moja kwa dakika nzima na nyota zinabaki vitone. Lenzi ndefu haisamehi makosa ya kulenga hivyo. Na simu isikae karibu na mota ya mtambo, kwani mota ina sumaku inayoipotosha dira. Usiku mzima ulinipotelea Nyali kwa hilo.