Jibu: Uji kutokea puani na kaakaa halina tundu

Dada wa Uyole, umeuliza kwa nini mtoto wa miaka 4 anaongelea puani na uji humtokea puani ilhali kaakaa (paa la kinywa) halina tundu. Huenda ana mpasuko wa kaakaa uliofichika: utando umeziba, misuli ndani haikuungana. Mmulike kwa tochi akisema "aaa". Kimio (kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa) kina ncha mbili? Katikati ya kaakaa pana mstari wa samawati? Daktari apapase ukingo wa nyuma wa kaakaa gumu (sehemu ya mbele yenye mfupa); akikuta pengo la mfupa, ni dalili kubwa. Upasuaji huigeuza misuli na kuiunganisha kuelekea nyuma, ila usemi upimwe kwanza. Wengine hawahitaji kisu. Masikio pia yapimwe. Nakuomba sana, asikatwe nyama za pua (adenoidi, zilizo nyuma ya pua) kabla ya uchunguzi huo: zikitoka, hewa huvuja zaidi puani. Anzia Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.