Bisoke kwa siku moja

SWALI: Mwezi wa nne nitakuwa Kigali kwa harusi, kisha nina siku mbili za bure. Longonot niliupanda bila taabu. Je, Bisoke nitauweza? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Utauweza, ila Longonot wa Kenya usikudanganye. Kilele chake kiko mita 2,776. Bisoke, mlima wa volkano kaskazini mwa Rwanda, unafika mita 3,711, na njia yake inaanza kupanda karibu na kimo hicho ambacho Longonot unaishia, kwa hiyo pumzi itakata mapema. Halafu Longonot ni vumbi. Huku ni tope, na Aprili ni masika yenyewe. Tarajia tope la magotini. Kama harusi ingekuwa Julai tungekujibu kwa furaha zaidi.

Safari hii huharibika mara nyingi asubuhi, kabla ya mlima. Unatakiwa kuripoti saa moja kamili kwenye ofisi za Hifadhi ya Taifa ya Volkano, Kinigi, kibali kikiwa kimeshalipiwa. Kutoka Kigali hadi Musanze ni kama saa mbili, na Kinigi iko mbele zaidi, hivyo lala Musanze. Mwongozaji yumo ndani ya kibali; gari halimo. Kutoka ofisini hadi mwanzo wa njia ni barabara ya mawe ya volkano, inayotaka gari la juu lenye nguvu ya magurudumu manne. Teksi ndogo itagonga tumbo. Patana na dereva bei ya siku nzima pamoja na kusubiri, la sivyo utashuka mlimani ukute ameondoka.

Kupanda huchukua kama saa tatu, kushuka mbili. Askari wenye bunduki watafuatana nanyi kwa sababu ya nyati, na kwa kuwa mpaka wa Kongo unapita juu ya mlima huohuo. Ukijijua una mwendo wa polepole, omba utembee nyuma tu ya mwongozaji. Anayekaa mkiani hafaidi mapumziko: akifika, wenzake wanainuka.

Viatu viwe vya kufunga kifundo kwa kamba. Gambuti huzuia tope vizuri, lakini wakati wa kushuka mguu huteleza ndani na vidole vikagonga mbele. Ndipo kucha zinapokuwa nyeusi. Zikate siku mbili kabla. Ingiza suruali ndani ya soksi ndefu, na vaa glavu nene za shambani. Ukiteleza, mkono hukimbilia kichaka, na kichaka chenyewe mara nyingi ni thabai, mmea unaowasha. Beba maji lita mbili, chakula cha kununua Musanze, koti la mvua na sweta kavu. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, Rwanda iliipiga marufuku tangu 2008.

Mpagazi mchukue hata kama begi ni jepesi. Kazi yake kubwa ni kukuvuta mkono kwenye tope. Wanapatikana pale njia inapoanzia. Weka noti ndogo za faranga.

Juu kuna ziwa ndani ya kreta, na ukungu hulifunika na kulifunua ghafla. Ukilikosa, subiri hata nusu saa, lakini vaa lile sweta kwanza, kabla jasho halijapoa mwilini.

SWALI: Nikilipia Bisoke, nitaona na gorila? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Hapana. Gorila wana kibali chao, ghali mno. Mkikutana nao njiani kwa bahati, mwongozaji atawapitisha haraka. Kaburi la Dian Fossey, mtafiti wa gorila, nalo lina njia na kibali chake, katikati ya Bisoke na Karisimbi, kwa hiyo taja jina la safari unayotaka unapolipa. Na beba pasi: utaratibu wa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa ni wa Kenya, Uganda na Rwanda; Tanzania haimo. Ukiendesha mwenyewe kupitia mpaka wa Rusumo, ukishavuka tu hamia upande wa kulia wa barabara.