Gari-nyumba la futi 42: leseni yangu inatosha?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi na mume wangu tunaishi Texas. Tumenunua gari-nyumba la futi 42, uzito ulioidhinishwa pauni 30,000, na tunataka kwenda nalo California. Leseni yangu ya Daraja C, ile ya magari ya kawaida, inatosha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Haitoshi, na kosa linaanzia hapo Texas, kabla hujafika mpaka wowote. Gari moja likizidi pauni 26,000, Texas inataka Daraja B, leseni ya magari mazito, hata kama hulifanyii biashara. Kinachohesabiwa ni uzito wa juu ulioandikwa na mtengenezaji kwenye kibandiko, si uzito wa siku hiyo. Wengi huliacha tupu wakidhani wamepona.

Mtihani ufanye kwa gari lenu hilohilo. Mimi niliufanya nikiwa na miaka 58, na kona za kulia ndizo zilizonitoa jasho, kwa sababu mkia wa gari hufagia upande wa pili. Mume wako naye aufanye mtihani huo. Safari ni ndefu mno kwa dereva mmoja.

Ukiwa na Daraja B, California itaitambua. Ila barabarani utafuata sheria za huko. Gari-nyumba linalozidi futi 40 haliruhusiwi kila barabara, kwa hiyo tazama ramani za Caltrans, idara ya barabara ya California, kabla ya kuchagua kambi. Na mkikokota tela, mwisho ni maili 55 kwa saa, hata barabara kuu ikiwa tupu.