Muulize Shangazi: Wakili kachukua hela yangu, sasa hapokei simu

Wiki hii barua zimekuja nyingi na karibu zote zinahusu makaratasi ya Marekani, hasa mawakili wa uhamiaji, nimechagua tatu. Kwa wasionijua, nimeishi Marekani miaka mingi na nimetafsiri Kiswahili kwenye ofisi za mawakili na mahakamani, lakini mimi siyo wakili, kwa hiyo ninachoandika hapa kikusaidie kujua cha kumuuliza wakili wako, siyo kumkwepa.

*Shikamoo Shangazi. Mimi mtu wa Tanga, naishi Columbus, Ohio, nimeolewa na raia wa hapa. Wakili tulimpata kupitia rafiki wa mume wangu, tukalipa nusu halafu iliyobaki kidogo kidogo kila mwezi, akapeleka fomu za kuombea grinikadi kwa ndoa, I-130 na I-485, nikaitwa alama za vidole vizuri tu. Tangu hapo kimya miezi 7. Nikipiga simu anapokea dada wa mapokezi, anasema wakili yuko mahakamani atakupigia, hapigi. Katikati hapo tulihama nyumba, nikamwambia huyo dada. Juzi ndo ananiambia kuna barua ya uhamiaji ilikuja wiki 5 zilizopita wanataka ushahidi zaidi wa mapato ya mume wangu. Wiki 5 Shangazi! Naogopa kugombana naye maana vyeti vyangu vyote anavyo yeye, cha kuzaliwa cha RITA na cha ndoa. Nimwache au nivumilie?* (Mama wa Mmoja, Columbus)

Marahaba mwanangu. Suala la kumwacha au kuvumilia liweke pembeni kwa siku mbili tatu, kwanza ipate hiyo barua. Kesho asubuhi usipige simu, nenda ofisini kwake na mumeo, mwambieni yule dada mnataka kopi sasa hivi na hamtoki bila kopi, kwa adabu lakini msisogee. Ukiipata tafuta tarehe ya mwisho ya kujibu, imeandikwa humo humo. Barua za namna hiyo muda wake hauzidi wiki 12 na hauongezwi, hata wakili akiwa alikuwa anaumwa, hata mkiwa mmehama, na ikipita bila jibu kesi inaweza kukataliwa kwa kuhesabiwa mmeitelekeza. Wiki 5 zimeenda, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa bado muda upo ila siyo wa kuchezea. Mambo ya mapato mara nyingi ni ile fomu ya I-864 ambayo mumeo anaahidi kukutunza, wanataka kodi alizojaza, W-2 (karatasi ya mwajiri ya mshahara na kodi ya mwaka), slipu za mshahara, na kama kipato chake hakifiki mnaweza kumleta mdhamini mwingine mwenye uraia au grinikadi. Jibuni mara moja kwa vitu vyote pamoja, msipeleke nusu mkasema nyingine zinakuja, maana hawasubiri.

Sasa kwa nini barua hukuiona wewe? Wakili akikuwakilisha anajaza fomu ya G-28 na wewe unaisaini, ndiyo inayoiambia serikali huyu ni wakili wangu, barua zangu apate na yeye. Mara nyingi wewe nawe unatumiwa kopi, ila yako itakuwa imeenda nyumba ya zamani, maana kumwambia dada wa mapokezi siyo kuiambia serikali. Ukihama unatakiwa kuwajulisha uhamiaji mwenyewe ndani ya siku 10, kuna fomu ya AR-11 na inajazwa kwenye intaneti. Fanya leo usiku. Na ukiwa hapo hapo fungua akaunti yako mwenyewe uweke namba ya risiti ya kesi, ile ya herufi 3 na tarakimu 10 iliyo kwenye karatasi ya I-797, uwe unaona kesi imefika wapi bila kumsubiri mtu.

Vyeti visikutishe, ni vyako. Jalada pia ni lako. Mteja ana haki ya kumwachisha wakili kazi muda wowote, na wakili anatakiwa akukabidhi makaratasi yako na kurudisha hela ambayo hajaifanyia kazi, hata kama mmeachana kwa ugomvi, na akikataa unaweza kumshtaki kwa chombo kinachosimamia mawakili kwenye jimbo lililompa leseni. Mi binafsi nakushauri kwanza mjibu hiyo barua naye ndo baadaye muongee, usibadilishe dereva gari likiwa kwenye kona, ila kama hata baada ya kwenda ofisini hakuonyeshi kopi basi hiyo siku hiyo hiyo tafuta mwingine, huyo mpya atajaza G-28 yake na kesi itaendelea. Kila mnachoongea kiandikie imeili fupi baadaye, leo tumekubaliana hivi na hivi, ukae na kumbukumbu.

Najua unavyojisikia maana nilishapitia. Wakili wangu wa kwanza alikuwa na ofisi nzuri sana na kahawa unakaribishwa, mkataba nikasaini bila kusoma kwa sababu niliona aibu kumchelewesha, nikaja kugundua ile hela niliyolipa ilikuwa ni ya kujaza fomu tu, kwenda naye kwenye intavyuu ni hela nyingine, na ada za serikali nazo ni nyingine. Hakunidanganya, yote yalikuwa yameandikwa. Lakini hakuna aliyenielezea, na mimi sikuuliza. Wa pili alikuwa mama mmoja kwenye kijiofisi juu ya duka la fenicha, siku ya kwanza aliniuliza swali moja kwa njia tatu tofauti mpaka nikalia, nikasema huyu mama ananichukia, halafu siku ya intavyuu ofisa akauliza swali lile lile na mimi nikalijibu nimetulia. Miaka ya baadaye nilimfuata anisaidie kurenyuu kadi, akaniambia hii huhitaji wakili, nenda nyumbani ujaze mwenyewe, hela yangu hakuigusa. Mpaka leo watu wakiniuliza wakili mzuri yukoje namkumbuka yeye.

*Jambo Mama Shangazi. Mi natoka Bukavu, niko Dallas, nilifika kwa viza ya matembezi. Bwana moja wa kanisa yetu ana ofisi imeandikwa Notary Public, watu wote wanasema ni avoka, nikamupa franga anifanyie asailamu (ombi la hifadhi ya ukimbizi). Aliniambia saini hapa na hapa. Kopi hakunipa. Sasa nimepata barua ya tribinali ya mwezi ujao, na rafiki yangu mwenye alifanya kwa huyo bwana anasema story yake na yangu zinafanana, hata jina ya kijiji. Mi siko natoka hiyo kijiji. Nikienda watanifunga? Nisiende?* (Mtoto wa Kivu)

Mwanangu, nenda. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo linaloua watu. Usipofika mahakama ya uhamiaji jaji anaweza kutoa amri ya kukuondoa nchini hapo hapo bila kukusikiliza, na kuifungua tena ni kazi kubwa kuliko kesi yenyewe. Uwe umejificha, uwe umechelewa, wao wanaona kiti kitupu.

Kuhusu huyo bwana, hili neno notary limewaponza wengi wetu na naelewa kabisa kwa nini. Kwetu Tanzania na Kenya ukiona mhuri wa Notary Public unajua huyo ni wakili, mhuri mmoja unasema Advocate, Notary Public and Commissioner for Oaths. Kongo notaire naye ni mtu mkubwa wa serikali. Marekani siyo hivyo hata kidogo, notary ni mtu aliyepewa ruhusa ya kushuhudia saini, unamkuta hata benki au dukani, sheria hakusomea na haruhusiwi kukushauri kesi wala kukuchagulia fomu. Wanaoruhusiwa ni wawili tu: wakili mwenye leseni ya jimbo lolote la Marekani, siyo lazima Texas maana uhamiaji ni sheria ya taifa zima, au mtu wa shirika lisilo la faida aliyekubaliwa na Wizara ya Sheria. Hao wa mashirika wapo wa aina mbili, wengine ni wa fomu tu na wengine wanaruhusiwa mpaka mahakamani, we uliza yule wa mahakamani. Jina la wakili unaliangalia kwenye tovuti ya chombo kinachosimamia mawakili kwenye jimbo alilosema, dakika 2 tu, bure.

Serikali haikulipii wakili kwenye mahakama hii kama kwenye kesi za jinai, lakini mahakama ina orodha ya mashirika yanayosaidia bure, waombe. Anza kupiga simu leo maana wana foleni. Ukifika siku yenyewe hujapata mtu, mwambie jaji kwa Kiswahili, mkalimani watakupa mahakama, kwamba unaomba muda wa kutafuta wakili. Siku ya kwanza majaji wengi wanakubali. Na mkalimani akiongea Kiswahili cha pwani usichokielewa sema hapo hapo, usitikise kichwa tu. Nimeshaona mtu wa Uvira anaitikia ndiyo kwa swali ambalo hakulielewa, na ile ndiyo ikaandikwa.

Sasa hiyo story. Hapa nakuomba unisikilize kama mama yako. Ombi la hifadhi lenye uongo wa makusudi linaweza kukufungia mlango wa uhamiaji wa Marekani maisha yako yote, siyo asailamu peke yake. Kwa hiyo usilitetee kwa kuogopa kuonekana umekosea. Omba mahakamani kopi ya jalada lako, lisomwe lote kwa lugha yako, mstari kwa mstari, na angalia pale anaposaini aliyekuandalia fomu, kama pako wazi maana yake huyo bwana alijificha akakuachia mzigo. Halafu wakili mpya mwambie ukweli wote, nani alikuandikia, ulilipa kiasi gani, ulitoka kijiji gani kweli, nini kilikupata kweli. Yeye anafungwa na siri, hawezi kukupeleka kwa serikali, na njia ya kusahihisha ipo ukiitumia mapema, kabla hujaapishwa ukasema haya yote ni kweli. Yaliyokukuta wewe mwenyewe Bukavu yanatosha, hayahitaji kijiji cha mtu mwingine. Risiti, meseji za WhatsApp, hata picha ya kile kibao cha ofisi, vyote tunza.

*Shangazi, kakangu yuko Minneapolis, kuna lawyer amemwambia kesi yake ni ya uhakika asilimia 100 kwa sababu ana mtu ndani ya uhamiaji, anataka hela yote mapema na kwa keshi. Tunachanga huku Mombasa. Tutume?* (Dada wa Mombasa)

Msitume. Wakili wa kweli hawezi kuahidi matokeo, anaweza kukwambia kesi ina nguvu wapi na inapwaya wapi, na mwenye mtu ndani ni tapeli hata kama leseni anayo. Kakako aombe mkataba wa maandishi unaosema kazi gani kwa hela gani, risiti kwa kila dola, na alipe kwa njia inayoacha alama. Akiambiwa haiwezekani, aondoke. Kama keshatoa kitu aidai kwa barua ya maandishi, abaki na kopi, na nyinyi huko hela mliyochanga ikae kwanza mpaka awatumie jina la wakili mwingine mliloweza kulitafuta wenyewe mkaliona.