Diski ya mashini iliyokufa inakupa "Accès refusé"? Usianze kwa kubadilisha ruhusa

Ndugu, nimesoma swali lako pamoja na majibu ya wenzetu. Laptop yako ilikufa, ukatoa diski ukaiunga kwa USB kwenye mashini mpya ya Windows 11, na sasa folda yako ya mtumiaji inakataa kwa "Accès refusé" (umekataliwa kuingia). Ukajaribu amri ya icacls, inayobadilisha ruhusa za faili, yenye neno Everyone (watu wote), nayo ikagoma. Kuna aliyekushauri umpe "Tout le monde", yaani watu wote, udhibiti kamili wa diski nzima. Ushauri huo uache kwanza.

Mimi nina kibanda cha kuchapa na kufotokopi hapa Lubumbashi, upande wa barabara ya Kasapa. Msimu wa wanafunzi kutetea kazi zao ukifika, diski kama yako zinaletwa sana: umeme umekatika vibaya, laptop haiwaki tena, na kazi yote imo ndani. Kwa hiyo nakueleza ninavyofanya mimi.

Kwanza uelewe kwa nini unakataliwa kwenye faili zako mwenyewe. Windows haikujui kwa jina. Kila akaunti ina namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, na ruhusa za faili huandikwa kwa namba hiyo kwenye diski yenye mfumo wa NTFS, namna Windows inavyopanga faili kwenye diski. Hata ukifungua akaunti mpya yenye jina lilelile na neno la siri lilelile, namba inakuwa nyingine. Ukisimama sokoni Katuba ukaita "Ilunga!" watageuka wengi, Windows haitaki kuita, inataka kuona kitambulisho. Ndiyo maana ukifungua sifa za ile folda, kwenye kichupo cha "Sécurité" utakuta "Compte inconnu" (akaunti isiyojulikana) na namba ndefu pembeni. Huyo asiyejulikana ni wewe wa zamani.

Sasa hakikisha kweli ni suala la ruhusa, maana kuna mambo mengine yanayofanana nalo. Ujumbe ukisema faili au folda imeharibika na haisomeki, hiyo si ruhusa hata kidogo. Ni mfumo wa faili uliochanika, au diski yenyewe inaanza kufa. Diski ya namna hiyo usiipigie amri ya kubadilisha umiliki, kwa sababu amri hiyo inaandika kwenye kila faili inayoipitia. Nakili kwanza unachoweza, chkdsk, amri ya kukagua na kurekebisha diski, ifuate baadaye. Na kama ni flashi iliyorudi kutoka saiberi, folda zote zimegeuka vijia vya mkato, hapo hakuna ruhusa iliyoguswa. Ni kirusi kimezificha. Safisha kirusi, kisha piga `attrib -h -s -r E:\*.* /s /d` (weka herufi ya flashi yako), zitaonekana.

La tatu ndilo linaloumiza: usimbaji fiche, yaani faili kufungwa zisisomeke bila ufunguo. Diski ikiomba ufunguo wa tarakimu 48, hiyo ni BitLocker, na bila ufunguo hakuna fundi wa kukusaidia, hata akikuapia. Laptop nyingi za siku hizi hujisimba zenyewe pale mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na mwenyewe hajui. Uzuri ni kwamba ufunguo huwa umehifadhiwa kwenye akaunti hiyohiyo. Ingia kwa kivinjari ukautafute. Kuna pia EFS, inayosimba faili mojamoja na kuziwekea alama ya kufuli kwenye ikoni. Hapo unaweza kuwa mmiliki, ukapewa udhibiti kamili, na faili bado isifunguke, kwa sababu kinachokosekana ni cheti cha akaunti ya zamani. Kama mashini yako ya zamani ilikuwa na Windows toleo la Home, ondoa wasiwasi wa EFS. Toleo hilo haliwezi kusimba kwa njia hiyo.

Kile kisanduku cha "Lecture seule" (kusoma tu) chenye kimraba ndani ya sifa za folda, kiache. Watu wanakitoa, kinarudi, wanakitoa tena. Kwa folda hakimaanishi unachofikiri.

Tuseme sasa ni ruhusa kweli. Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi: wewe unataka faili, hutaki ruhusa. Basi usibadilishe chochote kwenye diski ya zamani. Fungua "Invite de commandes" (dirisha la amri) kama msimamizi, uandike amri ya robocopy, programu ya Windows ya kunakili faili:

`robocopy "E:\Users\jina" "C:\Okoa" /E /B /XJ /R:1 /W:1`

Badala ya "jina" weka jina la folda yako, na badala ya E: weka herufi ya diski yako ya zamani. Explorer itakuonyesha "Utilisateurs", lakini kwenye diski folda inaitwa Users, na amri zinataka jina hilo la ndani. Siri iko kwenye /B. Inamfanya robocopy asome kwa haki ya kuhifadhi nakala, ambayo msimamizi anayo, na haki hiyo inapita juu ya orodha ya ruhusa bila kuigusa. Nakala zinazotua C:\Okoa zinarithi ruhusa za mahali pale, kwa hiyo zinafunguka kawaida. /XJ inamzuia asiingie kwenye viungo vinavyojizungusha ndani ya folda za watumiaji. Na usisahau /R:1 na /W:1: usipoziweka, robocopy hurudia faili iliyoshindikana mara 1,000,000, akisubiri sekunde 30 kila mara. Kwa diski mbovu na umeme wetu huu, fikiria mwenyewe.

Kwa njia hii utagundua pia kwamba ruhusa za Windows hazilindi faili dhidi ya mtu aliyeshika diski mkononi. Ndiyo maana mteja akiniletea diski ambayo sina hakika ni yake, namwomba anitajie mafaili anayotarajia kuyakuta kabla sijaiunga. Wengine hununa. Wanune tu.

Ukiwa na sababu ya kuendelea kuitumia diski ileile kama diski ya nje, hapo ndipo ubadilishe umiliki. Na hapa ndipo amri za mitandao ya Kiingereza zinapotuangusha sisi wa Windows ya Kifaransa. Everyone haipo kwenye mashini yako. Kuna "Tout le monde". Administrators haipo, kuna "Administrateurs". Dawa ni kuacha majina na kutumia namba, ambazo ni zilezile kwa lugha zote:

`takeown /F "E:\Users\jina" /A /R /D O`

`icacls "E:\Users\jina" /grant *S-1-5-32-544:(OI)(CI)F /T /C`

Ya kwanza inachukua umiliki, ya pili inatoa ruhusa. Tazama ile O mwishoni mwa ya kwanza. Mafunzo yote yanaandika Y, lakini Windows ya Kifaransa inasubiri O ya "oui", na ukiipa Y inakataa amri nzima. Nyota mbele ya namba inaiambia icacls kwamba hili si jina. S-1-5-32-544 ni kundi la wasimamizi. Tumia dirisha la kawaida la amri, si lile jingine la Windows liitwalo PowerShell, kwa sababu PowerShell itayasoma yale mabano kama yake na kukupa makosa yasiyoeleweka.

Kuhusu "Tout le monde" kwenye diski nzima: niliwahi kuletewa mashini ambayo fundi fulani wa mjini alikuwa amefanya hivyo kwenye C:, kisha alipoona mambo yameharibika akapiga icacls yenye /reset toka juu mpaka chini. Folda za Windows zina ruhusa zao maalumu, nyingi zikimilikiwa na TrustedInstaller, akaunti ya ndani ya Windows yenyewe, na /reset inazifuta zote. Tuliishia kusimika Windows upya. Ukilazimika kugusa folda kubwa, hifadhi kwanza ruhusa zake kwa `icacls folda /save faili.txt /T`, upate pa kurudia.

Mwisho, usihangaike na "Documents and Settings" inayokukatalia kwenye E:. Hiyo si folda, ni kiungo kilichowekwa kwa ajili ya programu za zamani, na kimenyimwa kufunguliwa kwa makusudi. Hakuna kitu ndani yake ambacho hakimo kwenye Users.