Roboti za kusafisha chini ya meli: zinaokoa mafuta kweli?

Swali: Mimi ni injinia wa pili kwenye meli ya shehena, ya chuma, inayotembea kati ya Mombasa, Dar es Salaam na Ghuba. Tukilala nangani wiki mbili tatu, tukiondoka injini inakuwa nzito na inakula mafuta zaidi. Wapiga mbizi huletwa mara moja kwa mwaka. Nasikia siku hizi kuna roboti. Zina faida, au ni biashara tu?

Jibu: Ndugu injinia, faida ipo, tena kubwa, mradi roboti ifanye kazi mapema. Meli ya mwendo wa taratibu kama yenu hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kushindana na msuguano wa maji. Katika maji ya joto kama yetu, meli iliyosimama huanza kushika utelezi, yaani utando laini wa vijidudu na mwani, baada ya siku chache tu. Watu wengi huudharau utelezi huo, wakangoja mpaka waone magamba, yaani viumbe wadogo wenye gamba gumu wanaojishikiza chini ya meli. Ripoti ya mradi wa GloFouling, ulio chini ya Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO), ilionyesha kuwa utando wa nusu milimita tu, ukifunika hadi nusu ya sehemu iliyo majini, unaweza kuongeza gesijoto kwa asilimia 25 hadi 30, kutegemea meli na mwendo wake. Gesi hiyo yote hutokana na mafuta mnayochoma. Meli inayochoma tani 20 kwa siku, ikizidisha asilimia 10 tu, inapoteza tani 2 kila siku ya safari.

Hapo ndipo roboti inapoupita utaratibu wa mara moja kwa mwaka. Chukua HullSkater ya kampuni ya Jotun: hukaa melini, hushuka majini meli ikiwa imesimama, magurudumu yake ya sumaku hung'ang'ania chuma, na brashi laini hufuta utelezi bila kuichubua rangi. Mwendeshaji huiongoza akiwa nchi kavu.

Magamba yakishaota, mambo hubadilika. Yanahitaji brashi ngumu, na brashi ngumu huondoka na rangi ya kinga, ile inayozuia viumbe kuota. Shaba iliyomo kwenye rangi hiyo humwagika bandarini pamoja na viumbe wageni, ndiyo maana bandari nyingi hukataa usafishaji usiokusanya uchafu. Rangi ikichubuka, magamba hurudi upesi kuliko mwanzo.

Wapiga mbizi msiwaache. Rafadha (panga boi), vyumba vya kuvutia maji ya bahari na kona za usukani bado ni kazi yao. Na roboti za sumaku hazifai kwa boti za aluminiamu, kama zile za mwendo kasi za Dar na Zanzibar.

Kabla ya kumwendea mkuu wako, kusanya takwimu za logi: mafuta kwa siku, mizunguko ya injini na mwendo, kwa siku zenye shehena na hali ya bahari zinazolingana, kabla na baada ya kulala nangani. Kisha mwombeni mtengenezaji wa rangi yenu athibitishe kwa maandishi ni brashi gani anairuhusu.